Corolla 100 inanywa mafuta? Pima sensa ya joto la maji kwanza

Corolla 100 yenye injini ya 5A ikianza kutoa moshi mweusi, kunuka petroli na kunywa mafuta, mafundi wengi hukimbilia plagi. Mimi naanza na sensa ya joto la maji. Ikizeeka huiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini bado ya baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa saba mchana.

Mshale wa dishibodi usikupoteze, una sensa yake. Fuata mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, upande wa betri, chini ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi. Hapo utaona sensa mbili. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dishibodi. Yenye waya mbili ndiyo tunayoitaka. Kuna watu wanauziwa ile ya waya mmoja, wanaifunga, na moshi uko palepale.

Usinunue kabla ya kupima. Taa ya injini huwaka waya ukikatika au ukipiga shoti: unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi kilicho ndani ya boneti, washa swichi bila kupiga stata, itapepesa mbili, itulie, mbili tena. Hiyo ni kodi 22, namba ya hitilafu ya sensa hii. Lakini sensa inayodanganya kidogo kidogo haiwashi taa yoyote, na ndiyo inayosumbua zaidi. Chomoa soketi yake, gusisha mita ya umeme iliyowekwa kwenye omu kwenye pini zake mbili. Asubuhi, gari likiwa limelala, kwa joto la Dar utegemee karibu omu 2,000. Rudisha soketi, endesha mpaka feni ijizungushe, zima, pima tena: kati ya 200 na 300. Ikibaki elfu na kitu, itoe.

Ya mtumba pale Kariakoo ipime ikiwa ndani ya kikombe cha maji ya moto. Muuzaji akikataa, hamia duka la pili.

Kuifunga ni kazi ndogo, injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wa moto unaunguza uso. Punguza maji kama lita moja kupitia koki ya chini, uyakinge kwenye beseni safi. Bonyeza kibanio cha soketi taratibu, maana plastiki ya umri huo huvunjika kama biskuti. Spana ni namba 19, na kwa nafasi ile soketi ndefu inafaa zaidi. Ikigoma usiongeze bomba kwenye spana: kichwa cha injini ni aluminiamu, nyuzi zikiliwa umejitafutia kazi nyingine. Weka sensa mpya na ringi mpya ya kuzibia (washa), anza kwa vidole, malizia kwa kukaza nyutoni mita 20.

Rudisha maji, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto mpaka mapovu yaishe. Kama kodi ilikuwepo, zima gari, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI nusu dakika ili kodi ifutike. Plagi zilizojaa masizi zisafishe siku hiyohiyo, la sivyo utadhani hata sensa mpya ni mbovu.