Unataka kuusoma muziki kisomi? Anza na wimbo mmoja wa taarab

Watu wakiskia mtu anasoma muziki chuoni wanajua anafundishwa kupiga kinanda basi, kumbe muziki unasomwa kwa njia nyingi sana, kuna wa historia, kuna wa sauti zenyewe, kuna wanaofuata watu wanaoupiga, na huo mgawanyo wa historia na kanuni za muziki Guido Adler, msomi wa muziki wa Austria, alishauandika tangu 1885. Ila we usianze na Adler. Chukua wimbo mmoja wa taarab ya Zanzibar, mmoja tu, skiliza mara kumi kabla hujasoma chochote.

Kila mara fuata ala moja mpaka mwisho. Mi nakushauri uanze na ala inayoitwa kanuni, ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, nyuzi zinakaa tatu tatu kwa kila sauti, mpigaji kavaa pete kwenye vidole vya shahada zilizobana vijiti vya kudonolea, mara mkono wa kushoto unaruka kugusa vibati vidogo pembeni, hapo ndo anaisogeza sauti kidogo sana, pale ambapo kinanda cha kawaida hakifiki. Ukishaiskia hiyo umeanza kuyajua makamu ya Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake.

Halafu maneno. Andika beti kwa mkono, hesabu mizani, mara nyingi utakuta mistari mitatu yenye mizani 16 kila mmoja, nane nane.

Historia nayo isome masikio yakiwa wazi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alienda Bombay 1928 kurekodi santuri, Shaaban Robert akaandika wasifu wake, soma wasifu kisha tafuta santuri zenyewe, manake kitabu kinakupa maisha yake ila koo lake hakikupi.

Kinachobaki ndo kitamu zaidi, nenda ukumbini. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, kaa, angalia nani anainuka kutuza na kwenye mstari gani. Mama anatoka kwenye kiti taratibu, noti juu, anacheza mpaka kwa mwimbaji lakini haitoi, anasubiri ule mstari wa fumbo ufike, ukigeuka unaona upande wa pili wamenuna. Hiyo haimo kwenye nota. Iandike usiku huohuo, kesho yake mfuate mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo, akuonyeshe pigo la wimbo polepole, ulipige mwenyewe mbele yake mpaka akubali, ndo urudi kusahihisha ulichoandika.