Kumfunza kocha wa kujitolea amlee kipa mdogo wa magongo: tunavyofanya Malindi

Michezo ya shule ya muhula wa kwanza ikikaribia, timu nyingi za mpira wa magongo huwa na washambuliaji wa kumwaga, na kipa ni mtoto aliyechelewa kufika mazoezini. Anavishwa pedi, anaambiwa simama pale, basi. Makocha wetu wengi wa kujitolea nao wametoka kwenye soka, na golini hawajawahi kusimama. Maelezo haya ni yako wewe unayewaandaa makocha hao. Kipa mwenyewe atafaidika wao wakishaiva.

1. Chagua watu

Achana na mfungaji hodari wa mtaa. Mtafute mwenye subira na anayefika kwa wakati. Wawe wawili kila zoezi, asiachwe mtu mzima mmoja peke yake na watoto, na ukiwa na makipa wa kike basi mmoja wao awe mwanamke. Kuna mikanda ya kufunga na kinga za kurekebisha mwilini, na wazazi wataka kujua ni nani anayefanya kazi hiyo.

2. Kocha avae mwenyewe

Kabla hajamfunza mtu, avae vifaa vyote. Kinga ya kinena kwanza, kisha kika, yaani vile viatu vinene vya sponji vinavyofungwa juu ya raba. Halafu pedi za miguu, kinga ya kifua, kinga ya shingo, helmeti, na glavu mwisho, kwa sababu ukishavaa glavu huwezi kufunga kitu kingine. Vifungo vya pedi vikae upande wa nje wa mguu. Vikikaa ndani vinakwaruzana, mtoto anajikwaa.

Akishavaa, msukumie mipira michache, kisha mwambie akimbie hadi ukingo wa D, yaani ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, na kurudi golini. Fanya hivi saa nne asubuhi, mwezi wa Februari. Hatasahau kumpa mtoto maji, na hatawasimamisha makipa juani na helmeti kichwani huku yeye akihutubia. Kanuni yangu ni kwamba ukianza kuzungumza, helmeti zinavuliwa. Mpira ukianza kutembea, zinarudi kichwani. Hapo hakuna mjadala.

3. Sheria chache

Ndani ya D kipa anaruhusiwa kuzuia kwa gongo, mguu na mwili wote. Akitoka nje ya D anabaki na gongo tu. Haruhusiwi kuulalia mpira. Bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambuliaji ndani ya D, ambayo mstari wake uko mita 14.63 kutoka golini. Kocha akilielewa hilo la mwisho ataacha kumfokea mtoto aliyeuacha mpira wa mbali upite. Ila mtoto akiwa na shaka, auzuie.

4. Mfute soka kichwani

Kocha wa soka ana neno moja mdomoni: "Daka!" Kwenye magongo hakuna kudaka. Gongo liko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umefunguliwa bapa, kiganja kikitazama mpira, na kazi yake ni kuusimamisha udondoke au kuuelekeza kando. Mtoto akijaribu kuukamata anachelewa, na mwamuzi atampigia filimbi.

Kuruka nako ni hivyohivyo. Vijana wametazama video za makipa wakiruka kama pomboo, nao wanataka kuanzia hapo. Mimi simfunzi mtoto kuruka mpaka miguu yake ijue kazi, kwa sababu mipira mingi ya umri huo inatambaa chini. Magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya unyayo, kichwa kiwe juu ya mpira, apige kwa ndani ya kika kuutoa pembeni. Akiegemea nyuma, kidole cha mguu kinainuka na mpira unapita chini yake, au unaruka juu na kuumiza mtu.

5. Kulisha mipira

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Nimeona makocha wanaojua maelezo yote ya hatua ya nne, lakini kipa wao haendi mbele mwezi mzima, na sababu ni namna wanavyompa mipira. Kulisha mipira ni ufundi, nawe tenga siku nzima kwa ajili yake, bila mtoto uwanjani. Makocha wenyewe kwa wenyewe.

Anza na kusukuma. Mtu wa soka akishika gongo anataka kupiga tu. Kwa makipa wadogo gongo halinyanyuliwi: mikono imeachana, gongo limegusa mpira, mpira unasukumwa chini. Gongo la hoki lina upande mmoja bapa, ule wa kushoto, na hakuna gongo la wanaotumia kushoto, kwa hivyo hata kocha wa mashoto ajifunze hivyohivyo. Mpe lengo: debe moja tupu, umbali wa hatua kumi. Kabla hajaweza kuligonga debe mara nyingi kuliko anavyolikosa, asimsukumie mtoto mpira. Asiyejua mpira wake utakwenda wapi hamfunzi kipa kitu, anamtisha tu.

Watoto wa chini ya miaka kumi, msitumie gongo kabisa. Kocha apige goti na kuuviringisha mpira kwa mkono, na uwe mpira wa tenisi. Mpira halisi wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Mtoto akishaumia paja siku ya kwanza, siku ya pili atafumba macho, na kumrudisha kuyafumbua ni kazi ya wiki. Wako wanaosema mtoto lazima azoee mpira mgumu mapema. Mimi sikubaliani nao.

Halafu mwendo wa zoezi. Kocha ana ndoo ya mipira, anaisukuma mmoja baada ya mwingine mfululizo, kila mtu anaona zoezi limechangamka. Kipa hajifunzi chochote, anajitetea tu. Ondoa ndoo, weka mipira sita. Mmoja unatoka, mtoto anauzuia, anauondoa kabisa mbele ya goli, anarudi mahali pake, miguu inatulia. Miguu ikitulia ndipo wa pili unatoka. Mfunze kocha kuitazama hiyo miguu, si uso. Uso wa mtoto utakwambia yuko tayari hata kama hayuko.

Ugumu nao upimwe. Katika mipira kumi, mtoto azuie kama saba. Akizuia yote, sogea au ongeza kasi. Akizuia chini ya nusu, punguza, hata kama umri wake unakwambia angeweza. Wengi wanashindwa hapa kwa ajili ya ujana: kijana anamfunga mtoto wa miaka kumi na moja, anainua mikono, wenziwe wanamshangilia. Ukimwona wa namna hiyo mrudishe kwenye debe.

Tahadhari za viwanja vyetu. Wengi tunachezea nyasi kavu au murram, na mpira unaruka bila taarifa. Fagia njia ya mpira kabla ya zoezi, uokote vijiwe. Usisimame ndani ya jua, yaani jua lisiwe nyuma ya kocha likimpiga kipa machoni. Jioni geuza goli. Mipira ya kuinua ingoje, na hata ikifika wakati wake, kocha aseme "juu" kabla ya kuusukuma. Na makocha wawili wasisukume mipira kwa wakati mmoja kwenye goli moja, hata kama muda umewaishia.

Goli likikosa wavu, wavuvi watawapa mkuukuu. Ila msichukue jarife, matundu yake mapana mpira unapenya. Tundu lisizidi milimita 45.

6. Kamba mbili

Kwa kufunza pembe sitaki koni wala michoro ubaoni. Nataka kamba mbili za nailoni. Funga moja kila mlingoti, miisho yote ikutane palipo na mpira. Kipa asimame katikati ya kamba hizo. Karibu na mstari wa goli kamba zimeachana mbali, upana ni karibu ule wote wa mita 3.66. Asogee hatua mbili mbele, kamba zinakaribia viwiko vyake, na mtoto anaona mwenyewe kwamba goli limepungua. Kocha apige magoti mahali pa mpira naye aone. Kisha sogeza mpira kando, rudieni. Watu wazima huelewa kwa dakika tano, watoto hata chini ya hapo.

7. Maneno

Neno moja kwa kila zoezi: "miguu", au "kichwa". Mtoto akifungwa, kocha anyamaze, asukume mwingine.

8. Kona ya penalti

Hii ni adhabu ya kosa la walinzi, mpira ukianzishwa kwenye mstari wa nyuma. Iacheni hadi mwisho wa mwezi. Walinzi ni watano pamoja na kipa, na shuti la kwanza likiwa la kupigwa halivuki kimo cha ubao wa chini wa goli, milimita 460. Kipa mdogo atoke hatua chache, atulie, azibe chini. Kocha mwenye haraka atataka kumpa mbinu tatu, mpe moja.

9. Vifaa baada ya zoezi

Kazi ya kocha, si ya mtoto. Futa jasho kwa kitambaa na maji baridi ya mfereji, fungua mikanda yote, anika kivulini penye upepo. Jua letu linaikausha sponji mpaka inameguka, na hewa ya chumvi inakula vifungo, kwa hivyo vipakwe mafuta kidogo. Sponji ikianza kuchanika, fundi viatu ana gundi inayoshika. Pelekeni mapema, maana seti nyingine ni ghali na haipatikani hapa mjini.