Maikrodemabresheni ya uso: hatua kwa hatua, hasa kwa ngozi nyeusi

Maikrodemabresheni ni kusugua uso kwa mashine ili kuondoa sehemu ya tabaka la nje kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa. Mashine za aina moja hurusha chembe ndogo za oksidi ya alumini na kuzinyonya papo hapo. Nyingine zina ncha iliyopakwa vumbi la almasi, inayosugua huku ikivuta hewa. Tunapendekeza ya almasi: haina vumbi la kuingia machoni, na ni rahisi kuidhibiti pembeni mwa pua. Hakuna sindano wala ganzi. Kwa ngozi nyeusi, cha kuogopwa si maumivu bali madoa. Ngozi iliyosuguliwa kupita kiasi hutoa weusi unaoweza kukaa miezi.

1. Sema unachopaka

Hapa ndipo madhara mengi yanapoanzia. Mkorogo na krimu za kung'arisha mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Nguvu ya mashine ambayo mwingine haisikii itamchubua mtumiaji wa krimu hizo. Usiziache ghafla siku mbili kabla ukidhani umejiandaa, maana uso unaweza kuwaka na kujaa vipele. Muone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuziacha. Mashine isubiri hadi ngozi ipone. Mhudumu asiyekuuliza unapaka nini, usimpe uso wako.

Taja pia vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali (madaktari wengi hutaka miezi 6 ipite baada ya kuviacha), dawa za kuzuia damu kuganda, na kama ngozi yako huota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Kama hupata malengelenge ya mdomoni yanayojirudia, daktari anaweza kukupa dawa ya kuyazuia kabla. Chunusi zenye usaha, sunzua au kidonda kibichi usoni: ahirisha.

2. Wiki moja kabla

Acha tretinoini (dawa ya kupaka ya chunusi), asidi ya glikoliki na ya salisiliki zinazopakwa kubandua ngozi, skrabu, na kunyoa kwa nta. Epuka jua kali. Mwanaume anyoe ndevu siku moja kabla, si asubuhi ileile.

3. Kabla mashine haijawashwa

Toa lenzi za macho. Uso uoshwe kwa sabuni laini, kisha ukaushwe kabisa, kwa sababu ncha hukwama kwenye ngozi yenye unyevu au mafuta na mhudumu hujikuta akibonyeza. Angalia ncha: iwe imesafishwa kwa kuua vijidudu au itoke kwenye pakiti iliyofungwa, na kichujio cha mashine kiwe kipya. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi. Ajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya kwa nguvu ya chini kabisa.

4. Kusugua

Mhudumu huivuta ngozi kwa vidole viwili mpaka ikaze, kisha hupitisha ncha kwa mwendo mmoja usiosita. Akisimama sehemu moja, mvuto wa hewa huacha alama ya zambarau ya mviringo. Mzunguko wa kwanza huwa wa wima, wa pili wa mlalo. Kwa ngozi nyeusi mizunguko 2 inatosha mara ya kwanza. Paji la uso, pua na kidevu huvumilia zaidi. Karibu na macho na shingoni nguvu ipunguzwe, na kope zisiguswe kabisa. Uso mzima huchukua dakika 30 hivi.

Utahisi kukwaruzwa na kuvutwa. Ukihisi kuchomwa, sema hapohapo. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mhudumu asitegemee macho tu: ngozi ikipata joto au kung'aa isivyo kawaida, imetosha. Tone la damu ni ishara kwamba amepita kiasi.

5. Siku za baadaye

Joto na kukaza huisha ndani ya saa 24. Siku ya 2 au ya 3 ngozi inaweza kukauka na kubanduka kidogo; usiibandue. Osha kwa maji ya uvuguvugu, paka krimu ya kulainisha isiyo na manukato, na kila asubuhi losheni ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi, ukirudia kila saa 2 ukiwa nje. Asidi na tretinoini zisubiri hadi muwasho uishe. Malengelenge, usaha au maumivu yanayoongezeka yanahitaji daktari, si krimu nyingine ya dukani.

6. Kurudia

Ukifanya mara moja pekee, ngozi italainika tu, tena kwa muda mfupi. Kwa kawaida hufanyika mara 6 hivi, kila baada ya wiki 2. Ngozi iliyofifia na mikunjo midogo hupata nafuu. Makovu ya chunusi yenye mashimo hayafikiwi na mashine hii, na anayekuahidi kuyaondoa anakuuzia kitu ambacho mashine haiwezi. Weusi mpya ukijitokeza kati ya awamu moja na nyingine, simamisha ratiba, endelea na losheni ya jua, na umuone daktari wa ngozi kabla hujaguswa tena.