Jinsi ya kufunga mirija ya kioo kwenye chupa ya Woulfe ya zamani bila kupasua shingo wala kujikata

Kama maabara yenu ina kabati la vyombo vya zamani, msitupe ile chupa nene yenye shingo mbili au tatu juu. Hiyo ndo chupa ya Woulfe, jina limetoka kwa Peter Woulfe, mkemia wa Ireland aliyekuwa London, ambaye mwaka 1767 alieleza namna ya kupitisha mivuke ya asidi kwenye maji ili isipotee hewani na kuwakaba watu kifua. Kila kishingo pale kinaitwa tubulura, na utaikuta pia mgongoni mwa retorti (chombo cha kuchemshia kemikali chenye mdomo mrefu uliopinda), pale kemikali inapoingizwa bila kuchafua ule mdomo mrefu, na chini ubavuni mwa chupa ya aspireta ambako maji yanatokea.

Hatua ya 1: kagua. Washa tochi ya simu, imulike kwa pembeni pale kishingo kinapoungana na mwili wa chupa. Hapo ndo pabovu kuliko pote, kioo kinabadilika unene ghafla. Ukiona mstari unang'aa kama unywele, chupa hiyo iwe ya kuonyeshea wanafunzi tu.

Hatua ya 2: kizibo cha kioo kikiwa kimeng'ang'ania usikilazimishe kabisa. Tia gliserini kuzunguka ukingo, acha ilale usiku mzima, asubuhi zungushia shingo kitambaa cha maji ya moto ili shingo itanuke kabla ya kizibo, halafu gonga taratibu kwa mpini wa mbao. Ila kama ndani kuna mabaki makavu na lebo imefutika, iache hapohapo, usitikise wala usifungue, mwite anayehusika na kemikali.

Hatua ya 3: chagua kizibo cha mpira kinachozama kama nusu hivi. Toboa kwa kitoboleo cha vizibo (kibomba cha chuma chenye makali mdomoni) chenye kipenyo kinachoendana na mrija, ukikizungusha na sio kukisukuma.

Hatua ya 4, na hapa naomba usome polepole maana ndo watu wanapoumia. Ncha za mrija ziwe zimelainishwa kwa moto na zimepoa kabisa. Paka gliserini mrija na tundu, funga mikono yote miwili kwa taulo, shika mrija karibu kabisa na kizibo, sentimita 2 au 3 tu, kisha zungusha huku ukisukuma kidogo kidogo. Mimi niliwahi kushika mbali, mrija ukakatika katikati ukaingia kiganjani, nikashonwa nyuzi, na tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi yeyote afanye hii kazi bila taulo hata kama ana haraka kiasi gani. Na fanya hivi kizibo kikiwa mezani, kikiwa shingoni nguvu yote inaishia kwenye ule muungano.

Hatua ya 5: panga urefu. Mrija wa kuingiza gesi ushuke mpaka ndani ya maji, wa kutoa uishie chini kidogo tu ya kizibo, ukiugeuza huu mpango gesi itasukuma maji yote nje. Shingo ya katikati weka mrija wa usalama, uko wazi juu na ncha ya chini imezama kidogo majini. Huo ni muhimu sana kwa gesi inayoyeyuka haraka kama amonia, maana maji yakiinyonya presha inashuka na bila huo mrija maji yanarudi nyuma mpaka kwenye chombo cha moto gesi inakotoka na kukipasua.

Hatua ya 6: jaribu. Bana mrija wa kuingiza na wa kutoa, mimina maji taratibu kwenye mrija wa usalama mpaka yasimame juu ya usawa wa yale ya ndani. Yakibaki pale dakika chache uko sawa, yakishuka kuna kizibo kinavuja. Zamani walikuwa wanaziba kwa udongo uliokandwa na mafuta ya kitani, sisi mpira unatosha.

Mirija mirefu ishikwe na stendi, isining'inie kwenye shingo. Na chupa hii usiiweke juu ya moto, wala usiivutie hewa kwa pampu kama haikutengenezwa kwa ajili hiyo, kitako bapa kinaweza kupasuka kwa kuingia ndani.