Jinsi ya kuandika muvi ya gonjwa lililomaliza watu bila mtazamaji kukucheka

Kabla hujamchagua steringi, kabla hujajua atavaa koti gani na atabeba panga au bunduki, chukua kalkuleta. Niko siriasi. Muvi nyingi za aina hii zinaharibikia hapo, dairekta anataka tu ile picha ya jiji tupu na jamaa mmoja anatembea na mbwa wake, ila hajawahi kukaa chini akajiuliza wamekufa wangapi, kwa siku ngapi, na hao waliobaki wako wapi. Na mtazamaji wa sasa kapitia korona bwana, karantini anaijua, barakoa kavaa, habari za chanjo kabishana nazo mpaka kachoka, humpigi fiksi kirahisi kama enzi za kibanda umiza.

Namba zenyewe ni tatu tu na ukishazipanga usiziguse tena mpaka mkanda uishe. Mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi, inachukua muda gani toka mtu aupate mpaka naye aanze kuugawa, na kwenye kila wagonjwa mia wanakufa wangapi.

Hiyo ya kwanza watu wanaikuza bila sababu. Surua ikikuta watu wasio na kinga mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, hiyo ndo kali kuliko karibu zote. Ebola ni kama wawili hivi. Sasa usiidharau hiyo mbili, piga hesabu: mmoja anapata wawili, wawili wanne, wanne nane, ukifika mzunguko wa 10 una watu 1,024, mzunguko wa 20 umepita milioni, wa 30 umepita bilioni. Kila mzunguko ukiwa siku 5 hiyo ni siku 150, miezi mitano. Kwenye maisha halisi kasi inapungua njiani maana watu wanajifungia ndani na waliopona hawaugui tena haraka, lakini kwa kazi yako ya skripti ushapata jibu, maandishi ya "wiki moja baadaye" halafu dunia nzima imekufa hayaingii akilini, ya "miezi mitano baadaye" yanaingia vizuri tu.

Namba ya pili ndo inaua muvi nyingi. Mnapenda ugonjwa wa haraka, mtu anang'atwa, macho yanabadilika, sekunde kumi keshageuka. Inatisha sana ila ugonjwa wa hivyo haupandi ndege, jamaa atageuka akiwa bado kwenye foleni ya kukaguliwa mabegi na askari watamalizana naye pale pale. 28 Days Later ya mwaka 2002 ilicheza na hilo kwa akili: tone moja la damu jichoni, sekunde chache baba wa watu kawa mnyama, sawa, lakini wakaliweka gonjwa lao Uingereza ambayo ni kisiwa, na mbele huko steringi anaiona ndege inapita juu, yaani huko nje watu wanaendelea na maisha yao. Na hao wagonjwa mwisho wanaanza kufa kwa njaa maana hawali. Wameheshimu sheria yao wenyewe. (Kulala hospitali siku 28 hamna hata nesi wa kubadilisha dripu halafu unaamka unatembea, hapo ndo walipotupiga, ila tumewasamehe.)

Ukitaka liende dunia nzima, lifanye liambukize mtu akiwa bado mzima, anakula nyama choma na wenzie, anapanda basi, anambusu mtoto. Ndo maana Ebola yenyewe kwa jinsi ilivyo haifai kumaliza dunia japo kila mtu anaikimbilia. Inakaa mwilini siku 2 mpaka 21 kimya, lakini huyo mtu haambukizi mpaka dalili zianze, kwa hiyo ukiwafuatilia wote waliomgusa unaweza kuibana. Marburg ambayo ni ndugu yake ilipoingia Kagera Machi 2023 iliishia kwa wagonjwa 9, 6 wakafariki, ikafungwa. Inauma, lakini sio mwisho wa dunia.

Sasa namba ya tatu, hapa ndo penye utamu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu 5,383,728. Tuseme gonjwa lako linaua 90 kwa mia, kitu ambacho ni kikali kupita tauni ya Ulaya ya 1347 mpaka 1351 iliyoondoka na karibu theluthi mpaka nusu ya watu. Bado Dar inabaki na watu zaidi ya laki tano! Hiyo sio jiji tupu, hiyo ni foleni ya maji. Panda mpaka 99 kwa mia, wanabaki kama elfu 54, waweke Uwanja wa Mkapa na unakaribia kujaa. Steringi wako anatembeaje Kariakoo wiki nzima bila kusikia hata mtu anakohoa? Ukitaka upweke ule wa kweli inabidi ufike 99.9, wabaki elfu tano na kitu wametawanyika toka Bunju mpaka Mbagala, na hapo sasa uniambie ni kitu gani kinaua hivyo.

Kipo kimoja nakijua, ila kilikuwa cha sungura. Mwaka 1950 Australia waliachia kirusi cha miksoma ili kupunguza sungura waliokuwa wanamaliza malisho, mwanzo kikaua zaidi ya 99 kwa mia ya waliougua. Unadhani waliisha? Ndani ya miaka michache wale waliobaki wakazaa wenye kinga, na kirusi chenyewe kikalegea, kwa sababu kirusi kinachoua haraka mno kinakosa wa kukibeba. Sungura wapo mpaka leo. Kwa hiyo kwenye muvi waache watu wapone. Mtu aliyepona ana makovu, ana kinga, anaweza kuingia nyumba ambazo wengine wanaziogopa, wengine watamtumia na wengine watamchukia. Mhusika wa hivyo ana stori kuliko huyo mmoja "mwenye damu ya ajabu" ambaye dunia nzima inamtafuta.

Chanzo cha ugonjwa usikipotezee muda, nusu dakika inatosha kama ni ya kweli. Contagion ya 2011 walipata ushauri wa mwanasayansi wa virusi, Ian Lipkin, na wakaazima mambo ya kirusi cha Nipah kilichotokea Malaysia 1998 na 1999, popo akawapa nguruwe, nguruwe wakawapa watu. Kwenye muvi popo anadondosha kipande cha ndizi, nguruwe anakula, mpishi anamshika nguruwe, anajifuta kwenye aproni bila kunawa halafu anampa mteja mkono. Basi. Hamna maabara ya siri wala jenerali mwenye kovu usoni.

Na dawa je? Outbreak ya 1995 mwishoni wanamkamata nyani, sijui saa ngapi hapo dawa tayari na mji umepona. Mwaka huo huo, miezi michache tu baadae, Ebola ya kweli ikalipuka Kikwit kule Zaire (Kongo ya leo), wagonjwa 315, na kilichoizima sio nyani wala helikopta, ni glovu, barakoa, kutenga wagonjwa na kuzika maiti kwa utaratibu. Najua glovu haina mbwembwe kwenye skrini. Ila nesi anayebakiwa na pea tatu za glovu na wagonjwa arobaini, hiyo sini hata mimi ntalia.

Haya, watu wameshakufa. Waliobaki wanaishije? Hapa andika siku, sio "baada ya muda". Umeme hauzimiki dakika ile ile, mabwawa yanaendelea kuzungusha, lakini hitilafu moja tu kwenye laini na hamna fundi wa kupanda nguzo, giza. Maji ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu na yanasukumwa na pampu, umeme ukikata yanafuata, yanabaki ya kwenye matenki na visima. Kwa hiyo wiki ya pili steringi hatafuti bunduki, anatafuta ndoo. Na wiki ya tatu anatafuta dawa ya kuhara, maana watu elfu 54 wanachota visima vilivyo jirani na vyoo, kipindupindu hakijapewa likizo. Kuna wengine ambao gonjwa halikuwagusa kabisa lakini wanakufa tu, mwenye kisukari wa sindano, mama wa uzazi wa kufanyiwa opresheni. Karibu hamna muvi inayowahesabu hawa.

Petroli inachacha. Ikikaa miezi mitatu mpaka sita inaanza kuharibika, mwaka ikivuka gari linakohoa, dizeli inavumilia zaidi kidogo. I Am Legend ilikuwa miaka mitatu baada ya gonjwa na bado Will Smith anachanja mitaa ya New York na Mustang. Betri tu ya hilo gari ingekufa miezi ya kwanza kama hamna wa kuichaji. Mpe baiskeli bwana. Baiskeli ya kubebea mkaa, haina swaga lakini inapita popote na pancha anaziba mwenyewe. Na vijijini sola zipo juu ya mabati, paneli inakaa miaka mingi sana, betri ndo zinakufa mapema, kwa hiyo taa itawaka mchana, usiku giza. Kitu cha kijinga kama hicho kikionekana kwenye sini mtazamaji anajua mwandishi amefikiria.

Chakula nacho, acheni kukopi kugombania makopo supamaketi. Sisi supamaketi ni za wangapi? Muhogo unakaa ardhini hata zaidi ya mwaka unakusubiri, kuku wanazurura, embe zinaanguka zenyewe. Mtu wa kijijini kwao Masasi au Muheza ana nafasi nzuri kuliko wa ghorofani Upanga, kwa hiyo stori yako kama ni ya kweli watu watakimbia kutoka mjini, na fujo itakuwa pale wanapofika kwa shangazi wakiwa ishirini na shangazi ana debe mbili za mahindi.

Maiti. Ukisema milioni tano wamekufa halafu barabara safi kama ya msafara wa rais, umeshapoteza watu. Lakini pia usizijaze barabarani, mgonjwa anafia kitandani, au hospitali, au njiani kurudi kwao. Mtaa unaweza kuwa mtupu kweli, sawa, ila madirisha yana pazia zimefungwa na nzi wamejaa kwenye nyavu kwa ndani. Halafu kamera isiingie. Kwa joto la pwani harufu peke yake ingefukuza watu mtaa mzima, waonyeshe wahusika wanafunga kanga puani kabla hawajapinda kona.

Kama unataka jiji la miaka mingi baadae angalia picha za Pripyat, mji ulioondolewa watu Aprili 27, 1986 baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka. Miti imeota uwanja wa mpira, sakafu zimebomolewa na maji ya mvua yanayoingia kwenye mapaa. Maji ndo yanabomoa majengo, sio mabomu. Huku kwetu na mvua zetu mambo yataenda haraka zaidi.

Na kama bajeti ya kumwaga damu huna, kuna njia nyingine ambayo nashangaa hamna mtu anaigusa. Gonjwa si lazima liguse watu. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilishuka kutoka pembe ya Afrika, ikaua ng'ombe, sehemu nyingi tisa katika kila kumi, na Wamasai wakabaki hawana maziwa, hawana mahari, hawana chochote, ndui na ukame vikamalizia. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Umasaini na kufika Ngorongoro mwaka 1892, alikadiria theluthi mbili ya Wamasai wamekufa. Malisho yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o. Hiyo ni baada-ya-mwisho-wa-dunia iliyotokea hapa hapa, lokesheni ipo, lugha ipo, na hakuna hata mmoja anayeng'ata mwenzie.

Watu wenyewe usiwaandike kama kila mtu anageuka jambazi siku ya pili. Gulu, Uganda, mwaka 2000 Ebola ilipoingia, wauguzi wa hospitali ya Lacor wakaanza kufa, waliobaki wakataka kuondoka, daktari Matthew Lukwiya akakaa nao akawaomba, wengi wakabaki kazini, yeye mwenyewe akafa Desemba. Upande wa pili nenda Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, 2018 mpaka 2020: chanjo ya Ebola ipo, inafanya kazi, watu zaidi ya laki mbili wamechanjwa, na bado vituo vya matibabu vinashambuliwa kwa sababu watu waliozoea kuuawa kila siku bila kusaidiwa na mtu wanajiuliza kwa nini leo ndo wageni wamejaa na magari. Mlipuko wote uliua watu 2,287. Mhusika anayekataa chanjo usimfanye mjinga, mpe sababu zake kama hizo, halafu mwache abishane na dada yake nesi kwa Kiswahili cha kule kwao.

Ukimaliza skripti chukua peni nyekundu, juu ya kila sini andika ni siku ya ngapi toka mgonjwa wa kwanza. Siku ya 40, siku ya 212. Halafu rudia kusoma hizo namba tu na vitu vilivyomo, simu ina chaji siku ya 90, imechajiwa wapi? Ndevu za jamaa zimenyolewa siku ya 300, wembe wa nani? Kwenye kushuti sasa, mtaa mtupu unaupata alfajiri ya Jumapili au sikukuu, saa kumi na moja na nusu mpaka jua litokee. Mpange mtu mmoja wa kuzuia bodaboda kila kona, mlipe vizuri, na muombe mwenye kibanda cha chipsi asiwashe jiko mpaka mmalize maana moshi utaonekana.