Kuchora ramani ya mafuriko kwa kumbukumbu za wakazi

Ukiwauliza wakazi kumi "maji hufika wapi hapa?", kila mmoja atajibu kwa mvua anayoikumbuka yeye. Kwa hiyo chagueni kwanza tukio moja na mlifunge kwenye jambo ambalo wote wanalikumbuka: uchaguzi, mfungo, msiba wa jirani. Kila tukio la mafuriko liwe na karatasi yake.

Chapisheni ramani ya eneo, kwa mfano ya OpenStreetMap (ramani ya bure ya mtandaoni), kwenye karatasi ya A1 kwa skeli ya 1:2,000. Hapo sentimita 1 ni mita 20. Andikeni juu yake majina yanayotumiwa na watu wenyewe (kisimani, kwenye mwembe), kisha mitaro, makalavati na kuta mpya. Tandikeni nailoni angavu juu, mchore humo.

Watu 8 hadi 12 wanatosha, mwanzoni wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao. Asiwakose anayezibua mitaro, wala waliokuwa nyumbani mchana maji yalipoingia. Kikao kitawapa mwelekeo wa maji na muda yaliokaa. Kina msikipime mezani.

Kina hupimwa mtaani, kila mita 30 hadi 50. Usiandike "magotini", goti la nani? Mwombe aliyekuwepo asimame palepale, aweke kidole alipofikiwa na maji, kisha pima kwa futi kamba kutoka chini hadi kidoleni. Penye alama ukutani, tafuta mstari wa tope: umenyooka na uko sawa pande zote za nyumba. Doa la unyevu huenda kwa mawimbi na huwa juu zaidi, kwa kuwa maji hupanda ndani ya tofali. Ukilipima hilo, umeongeza kina ambacho hakikuwepo. Pima kuanzia ardhi ya nje. Sakafu iliyoinuliwa sm 40 inaweza kuficha nusu ya mafuriko.

Nyumba mbili jirani zikitofautiana sana, chukueni mpira mwembamba angavu wa mafundi wa kupima usawa, mjaze maji bila mapovu, ncha moja kwenye kila alama. Maji yaliyotuama huacha alama usawa mmoja, hivyo alama zisipolingana na maji ya mpira, mojawapo imekosewa. Penye mkondo, alama ya upande maji yanakoelekea huwa chini kidogo, na hilo si kosa.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka: pointi kavu. Ulizeni pia "wapi hayakufika?" na mziweke alama. Mpaka wa mafuriko hupita kati ya pointi yenye maji na iliyo kavu; bila hizo kavu, mpaka ni wa kubahatisha. Pasipoulizwa mtu paachwe peupe, pasipakwe rangi ya usalama.

GPS ya simu hukosea mita 5 hivi mahali pa wazi, na zaidi katikati ya kuta. Nyumba itambuliwe kwa macho kwenye karatasi.

Anayetarajia msaada huongeza kina, mwenye nyumba ya kupangisha hupunguza. Mashahidi wawili kwa kila pointi. Wakipingana, andikeni vipimo vyote viwili.

Itundikeni rasimu wiki moja mahali pa kupita watu, kalamu ikining'inia. Mtaro ukihamishwa au barabara ikiinuliwa, pointi za upande huo zikatwe kwa mstari, zisifutwe, na tarehe iandikwe kando.