Somo: Kampuni ikituhumiwa kuuza nje kwa bei ya kutupa, ijibuje hadharani?

Ndugu wanachama, tuhuma za kuuza nje kwa bei ya chini kupita kiasi (dumping) mara nyingi hutua kwa waandishi wa habari mapema, na kampuni hukurupuka kujibu "huu ni uongo mtupu". Kauli hiyo haimtulizi mteja anayetaka kujua kama bei itapanda. Tujifunze kupitia kesi ya ndege za Bombardier ya Kanada, iliyoshtakiwa na Boeing huko Marekani Aprili 2017.

Hatua ya 1: Soma malalamiko kwanza. Kwa kanuni za WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba umeuza nje chini ya bei ya kwenu au chini ya gharama, kwamba viwanda vya ndani vimeumia au viko hatarini kuumia, na kwamba bei yako ndiyo iliyoviumiza. Likianguka moja, ushuru wa ziada kwa bidhaa zako hauwekwi.

Hatua ya 2: Chagua hoja utakayoisimamia. Hapa ndipo penye kazi. Boeing ilidai kila ndege aina ya CS100 iliuzwa kwa shirika la ndege la Delta la Marekani kwa dola milioni 19.6, wakati kuitengeneza kuligharimu dola milioni 33.2. Bombardier ingeweza kuzama kwenye mabishano ya hesabu, ambayo msomaji wa gazeti hayafuati. Ilijitetea kuhusu bei, ndiyo, lakini hoja iliyoirudia kila mahali ilikuwa rahisi: Boeing haikuwa hata na ndege mpya ya ukubwa huo ya kuwauzia Delta, sasa imeumiaje? Mtu yeyote anaielewa hoja hiyo, na wakili anaweza kuisimamia mbele ya tume ya biashara ya Marekani inayoamua kama viwanda vimeumia, bila kubadilisha neno.

Hatua ya 3: Waache wengine wakusemee. Delta wenyewe walieleza kwamba Boeing iliwapa pendekezo la ndege zilizokwishatumika. Bombardier nayo ikakumbusha kuwa zaidi ya nusu ya vipuri vilinunuliwa Marekani, zikiwemo injini za Pratt & Whitney. Mbawa zilitengenezwa Belfast, na serikali ya Uingereza ikaingia kati kwa ajili ya ajira hizo. Mnunuzi akisema "sisi ndio tutakaoumia", anasikilizwa kuliko mshtakiwa.

Hatua ya 4: Jaza dodoso la wachunguzi. Una angalau siku 30. Mwaka 2012, kwenye kesi ya paneli za sola za China, Marekani iliipangia kampuni ya Kichina ya Suntech, iliyoshirikiana na wachunguzi, ushuru wa awali wa takriban asilimia 31. Kampuni ambazo hazikujitokeza zilipigwa karibu asilimia 250. Hakuna taarifa kwa vyombo vya habari itakayofuta pengo hilo.

Hatua ya 5: Msemaji awe mmoja, na wakili apitie kila sentensi. Meneja mauzo akijisifu gazetini kwamba "tumewafagia sokoni", kesho maneno hayo yako kwenye jalada la mlalamikaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sisi tunauza nje kidogo sana, tuna haja ya kuhangaika?
Marahaba. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi hufungwa. Vilevile kwa kawaida ikiwa bidhaa kutoka nchi yenu hazifikii asilimia 3 ya zote za aina hiyo zinazoingizwa huko. Angalia, kinachopimwa hapo ni nchi nzima, si kampuni yako peke yake. Kwa hiyo jibuni.

Tuseme wazi kwamba kesi ni ya kisiasa?
Mwachie waziri wenu. Wewe bado utawahitaji wachunguzi hao wakuamini.

Mwalimu, Bombardier si ilishinda? Mbona ndege zile sasa ni za Airbus?
Ilishinda, tarehe 26 Januari 2018, kwa kura 4 kwa 0 za tume ile, baada ya wizara ya biashara ya Marekani kutangaza ushuru wa jumla ya asilimia 292, ukijumlisha na ule wa ruzuku. Lakini mradi ulikuwa umeshailemea kifedha, na tuhuma ziliongeza hofu. Oktoba 2017 ilikuwa imeshakubali kuipa Airbus hisa za udhibiti, asilimia 50.01, ukiwemo mpango wa kuunganisha ndege hizo Alabama, Marekani. Leo zinaitwa A220, na Bombardier ilijitoa kabisa Februari 2020.